Raba Iliyolala Nje

Kila raba ya breki, fundi baiskeli aliipitisha shavuni polepole kama anayenyoa, na mteja wake, mama wa makamo aliyeleta baiskeli ya bintiye, hakubandua macho kwenye mikono ile. Mpya akazirudisha kwenye boksi, akachukua moja iliyokwisha tumika. "Mbona unazificha?" "Za ringi za alumini hizo, mama. Za binti yako ni kaboni, mteremkoni zitaziunguza." "Ndiyo unipe kuukuu?" "Hii ni ya kaboni." Akaipitisha shavuni, akashtuka: chembe ya alumini iliyonasa humo ilimchana. "Lo! Kumbe ilishalala na alumini. Ingekwaruza ringi mpaka ipasuke." "Hata raba!" alisema mama, ambaye mumewe alihamia kwa jirani. "Basi nitafutie isiyowahi kulala nje. Mwanangu anashuka mlima nayo." Akavuta stuli, akakaa karibu zaidi na ile mikono.