Kitambaa Cheupe Nyuma ya Mashine

Sisi tuliokulia Rhotia, huku Karatu, kabla barabara haijawekwa lami, hakuna mtu wa kuja kutufundisha vumbi. Tulilala nalo, tuliamka nalo, tulilila kwenye ugali. Gari la watalii likipita kwenda geti la hifadhi ya wanyama, tulikuwa tunalikimbilia nyuma tukipiga kelele, na tukirudi nyumbani wote tuna nywele nyekundu, mama zetu hawajui yupi ni wa nani mpaka tucheke waone meno. Mwezi wa nane, upepo ukishuka kutoka msituni juu kule kwenye kreta, hata ng'ombe mweupe aligeuka rangi. Lakini nyie wa rika langu nisaidieni kukumbuka: nani alikuwa anakohoa? Mimi simkumbuki. Mama zetu walikuwa na akili.

Mama yangu, tulimwita Ayo kama Wairaqw wote, hakuruhusu ufagio uguse sakafu kabla ya maji. "Vumbi ni ndama mkorofi," alikuwa anasema, "mlaze kwanza ndipo umguse." Unachota maji kwenye kibuyu kilichokatwa, unanyunyiza kwa vidole, unasubiri harufu ya udongo inyanyuke, ndipo unainama na kufagia. Ukifagia pakavu unachapwa kwa ufagio huohuo. Jumamosi ilikuwa siku ya kusiriba. Mavi ya ng'ombe mabichi, majivu ya jikoni, maji kidogo, unakanda kwa mikono miwili mpaka yalainike kama uji wa mgonjwa, halafu unapaka chini kwa kiganja ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Ikikauka, sakafu inatulia. Unacheza mdako hapo siku nzima na nguo haipati hata doa.

Shuleni ilikuwa hivyohivyo. Ijumaa kila mtoto alikwenda na kidumu cha maji na furushi la mavi ya ng'ombe kwenye jani la mgomba, tukasiriba darasa. Ambaye kwao hawakuwa na ng'ombe aliokota njiani, na tulimcheka, Mungu atusamehe. Mwambie mtoto wa leo abebe mavi kwenda shule uone. Atakupiga picha kwanza, halafu atawauliza wenzake kwenye simu kama hiyo ni haki. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kusafisha sakafu nilihitimu.

Msinione nacheka. Kuna mtu namdai pumzi yangu, na nitamtaja.

Nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo nilipata kazi ya kusafisha vyumba kwenye loji moja. Loji siitaji, siku hizi ina wenyewe wengine. Ila msimamizi wetu namtaja: ni Nikodemo. Vyumba vyote vilikuwa na zulia. Zulia, jamani, kwenye vumbi letu hili. Tukapewa mashine za kuvuta vumbi, kubwa kama nguruwe, na ndani ya kila moja kuna mfuko wa karatasi. Mfuko ukijaa unatakiwa utupwe, uwekwe mpya. Nikodemo akasema mipya ni hasara. "Kung'uteni huo, muurudishe."

Basi mimi na mwenzangu Restituta, kila siku saa nne asubuhi, tulikwenda nyuma ya chumba cha kufulia tukapiga ile mifuko ukutani, puu, puu, na kila kilichotoka kiliingia ndani yetu. Tuliomba maji ya kulilaza lile vumbi, akasema karatasi itachanika. Tuliomba vitambaa vya kufunga mdomo, akasema wageni watadhani kuna ugonjwa. Tulipoanza kukohoa, akaja na dawa yake: glasi ya maziwa kila Ijumaa. "Maziwa yanateremsha vumbi," alisema. Na sisi tukaamini. Hapo kosa ni letu, sikatai. Mtu wa huku ukimwambia maziwa yanatibu, hakuulizi ugonjwa gani, anakuuliza kama kuna glasi ya pili.

Miaka kumi na moja tulikunywa. Maziwa yalikwenda tumboni, vumbi lilibaki kifuani. Restituta tulimzika akiwa bado hajapata mvi. Mimi nililala hospitali miezi mitatu, wakaniambia nisitarajie mengi. Sikufa. Nikodemo naye yupo, anakaa benchi la mbele kanisani. Hunisalimia: "Mama Neema, kifua vipi?" Namjibu, "Kipo, Nikodemo. Na mkono wako ulioninyima mfuko, upo?" Anakwenda zake. Jumapili inayofuata namjibu vilevile.

Mwaka huu baada ya kupiga maharage yatoke kwenye maganda, kikohozi kilirudi. Neema, binti yangu, anaishi Arusha kwenye nyumba ya marumaru, akaja mbio.

"Mama, daktari alisema vumbi basi. Uache kufagia, au uje ukae kwangu."

"Nikiacha kufagia, hii itakuwa nyumba au zizi?"

"Ndiyo maana nasema tuondoke."

Wenzangu, nyumba hii niliijenga kwa mshahara wa kifua changu. Vyumba viwili vya sementi iliyopasukapasuka, na jiko la nje la udongo, kama la Ayo. Kukaa kwenye kochi la mkwe nikiangalia televisheni mpaka nife, hapana. Nikamwambia Neema, nitanunua mashine ya kuvuta vumbi, na nitaichagua mwenyewe. Wiki mbili utakaa hapa usikilize kifua. Kikitulia, nabaki. Kisipotulia, nafunga mlango nakufuata bila neno. Akakubali, maana alijua nitashindwa.

Sasa wengi wanapokwenda kununua mashine wanaiangalia mashine. Kosa. Anza na sakafu yako. Jirani yangu Mama Elibariki aliletewa ya mazulia, ya nguvu, akaiwasha jikoni kwake kwenye sakafu ya kusiriba. Ilibandua ule ukoko, ikala udongo, ikaendelea kula. Alipoizima kulikuwa na shimo, na kuku wanaoga humo mpaka leo. Mimi zulia sina na sitaki, kwa hiyo nguvu za kuvuta zulia za nini? Nilitaka kitu kimoja tu: linaloingia lisitoke.

Tukaenda dukani Karatu mjini. Muuzaji kijana, kichwa kimenyolewa pembeni.

"Karibu bi mkubwa. Kitu hii hapa, wati elfu mbili, inavuta mpaka dhambi."

"Dhambi zangu niachie, kijana. Hewa inatokea wapi?"

"Hewa gani tena?"

"Inayoingia na vumbi. Ikiingia mbele lazima itoke mahali."

Akaigeuzageuza kama mtu anayetafuta jogoo kati ya vifaranga. Mimi nikatoa kwenye kikapu mkebe wa vumbi la nyumbani kwangu na vitambaa vyeupe vitatu nilivyovilowesha. Nikamwaga vumbi kwenye sakafu yake.

"Mama, unaniaibisha," Neema akanong'ona.

"Aibu ni kukohoa mbele ya watu. Washa."

Nikakishika kitambaa kimoja pale hewa inapotokea. Kikawa chekundu. Ndiyo mashine nyingi zilivyo: mbele zinafagia, nyuma zinatimua, na wewe umesimama nyuma.

"Ila vumbi lako nalo lina rangi sana, mama," kijana akasema.

"Ndilo ninaloishi nalo. Sikuja kununua mashine ya vumbi la Dar."

Ya pili haikuwa na mfuko, ina kopo la plastiki unaona uchafu unavyozunguka ndani, watoto wangeipenda. Kitambaa cha pili kilipata wekundu kidogo. Nikamwambia alimwage lile kopo nione. Akalifungua, wingu likampanda usoni, akapiga chafya tatu na kuomba leso.

"Unywe maziwa," nikamwambia. Hakuelewa. Neema alielewa, akageuka ukutani.

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa na maboksi. Umbo la ndoo ya rangi, ina mkonga. Chini unaweka maji, vumbi linapita majini kwanza linalala humo, halafu hewa inapita kwenye chujio. Nikaushika ule mkonga, nikavuta vumbi lote lililobaki. Kitambaa cha tatu kilibaki cheupe.

"Hiyo wanachukua mafundi ujenzi, bi mkubwa. Haina muonekano."

"Siitafutii mchumba. Chujio la akiba lipo?"

Yalikuwepo mawili. Nikachukua yote, kwa sababu mashine isiyo na kipuri dukani ni ile ya Nikodemo kwa sura nyingine.

Nikaanza kuitumia. Asubuhi nasafisha vyumba, tope namwaga nje chini ya mgomba, hakuna kinachoruka. Siku ya tatu kifua kikatulia, siku ya nne nikalala mpaka jua likatoka. Siku ya sita kikohozi kikarudi, kile cha kuinamisha mtu. Nilipoinuka nikamkuta Neema anakunja vitenge vyangu.

"Tulikubaliana, mama."

Nikamwambia asubiri. Nikalowesha kitambaa, nikakishika nyuma ya mashine. Cheupe. Basi si mashine. Nikazunguka nyumba yangu kama mpelelezi, mpaka nikafika jikoni. Nikapitisha kiganja chini, kikaja na unga. Wiki tatu sakafu ile haijasiribwa, kwa sababu Neema mwenyewe alinikataza kwa simu tangu kikohozi kirudi, alisema mavi ni uchafu na mimi ni mgonjwa. Imekauka, imepasuka, kila hatua ya mtu inatimua. Pale mashine haiingii, itachimba shimo kama la Mama Elibariki.

"Nenda kwa jirani ulete mavi ya ng'ombe ya leo," nikamwambia.

"Mama, mimi ni mhasibu."

"Ndiyo, utayahesabu njiani."

Alileta ndoo amegeuza uso. Nikakanda, nikaanza kupaka, pumzi ikanikatikia nusu ya jiko. Nikakaa kizingitini. Mwanangu akaniangalia, akavua saa, akavua viatu, akaingiza mikono. Alipaka vibaya, mabonde na vilima.

"Inanuka," alisema.

"Inanuka siku moja. Hospitali ilininukia miezi mitatu."

Wiki ya pili ikaisha sijakohoa. Neema alikuwa amekuja na begi tupu la kubebea nguo zangu, sikujua. Alilitoa chini ya kitanda, akalijaza mahindi na maharage, akapanda basi la Arusha peke yake. Alilia kidogo. Na mimi sikumbembeleza, nilikuwa nimeshika mkonga.

Enzi za Ayo, mwanamke hakutakiwa kumthibitishia mtu yeyote kwamba anaweza kukaa nyumbani kwake. Alikaa. Vumbi lilikuwa la wote, na wa kulilaza walikuwa wote. Siku hizi wengine wanalitimua na wengine wanalimeza, na ukiugua unapewa glasi ya maziwa, ukipona unapewa kochi la mkwe. Nimekataa vyote viwili. Restituta angekuwepo angekuwa na mashine kama hii, na tungegombania nani ana sakafu safi. Hayupo. Nafagia kwangu, na Nikodemo akipita barabarani asubuhi aisikie mashine yangu inavyounguruma.