Mistari ya Njia

Hadithi zangu sijawahi kuzipa majina mwenyewe. Kila nilipojaribu, jina lilitoka kama tangazo la dawa ya mbu. Majina yote ya kitabu ninachokimaliza sasa yametoka kinywani mwa mama mkubwa wangu, dada yake mama, mkulima wa mpunga hapa Kindu, upande wa Mikelenge. Kila jina lina neno "njia" ndani yake. Anayedhani ni mapambo ya kitabuni hajawahi kutwanga na mwanamke yule.

Kwetu, wanawake watatu wakitwanga mpunga katika kinu kimoja, anayeanza huchagua neno. Zamu yako ikifika unatoa mstari wenye neno hilo, nao uingie sawasawa katika mapigo ya mchi. Ukikosa mstari, unapepeta mpunga wa wote. Neno likichaguliwa kwa ajili ya msafiri, halibadilishwi mpaka arudi. Siku anapofika, hukalishwa kando ya kinu na wimbo unafungwa mbele yake. Akifa, unafungwa matangani.

Wakati wa vita treni iliacha kuja, boti zikalala bandarini, na chumvi ikawa kitu cha kuota ndotoni. Baba mkubwa, mume wake, akafunga madumu ya mafuta ya mawese, akaenda kwa miguu upande wa Kampene ili ayabadilishe kwa chumvi. Asubuhi ileile mama mkubwa alisimama kwenye kinu akachagua neno njia. Jirani alikuwa mchi wa pili, mimi msichana mkubwa nilikuwa wa tatu, na nilipepeta sana.

Siku moja habari ilifika kwamba wenye bunduki wameziba barabara, hapiti mtu. Mimi na jirani tulisimamisha michi kwa hofu. Yeye akapiga mchi:

"Njia haina mlango,
nani kaifunga leo?"

Jirani alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi hofu ikanitoka kidogo. Siku nyingine alirudi kutoka kuchuma mboga kando ya reli akasema, "Nyasi zimeila njia." Na jioni aliyotoka shambani na mzigo wa muhogo, hata hakuutua kwanza: "Njia yangu ni mgongo." Nimesoma, nimekaa na watu wanaojiita wasanii na wanavaa kofia kuthibitisha. Sijaona mwingine anayeutia mji mzima katika mapigo manane, jasho likimtiririka, bila kusimamisha mchi. Nampenda kwa hilo, na namwonea wivu.

Vita vikapita. Boti zikarudi, treni nayo inapiga honi siku inapojisikia. Baba mkubwa hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya kifo chake. Wazee wa ukoo walikuja kumwambia waandae matanga. Akawauliza, "Nani alimuona?" Wakanywa chai yao wakaondoka. Siku hizi mpunga unapelekwa mashineni, lakini yeye hubakiza kiasi cha kinu, na jirani alipofariki mimi nikawa mchi wa pili. Neno ni lilelile.

Nilipomwomba mistari iwe majina ya hadithi, alikubali kwa sharti moja: kwanza asomewe. Akisikia, ndipo anatoa mstari au ananyima. Hadithi ya nahodha wa boti niliyoipenda mno aliikataa.

"Ile historia yako iko munene sana," alisema. "Mustari wangu iko mwembamba. Utapasuka."

Niliipunguza nusu. Alisema kweli, na hadithi ikapata "Njia haina mlango."

Ikabaki moja, ya mwisho, niliyoiogopa. Ilikuwa ya mtu aliyekwenda kutafuta chumvi. Sikuandika jina lake, lakini hakuhitaji kuambiwa. Nilimsomea uani, akiwa ameketi juu ya mkeka, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mwishoni mwa hadithi yangu mtu yule anafika usiku, chumvi begani, mke anafungua mlango. Nilidhani ninampa zawadi. Nilimaliza, nikangoja machozi au baraka.

Akauliza kwa upole kabisa, "Nani alikuambia kama alifika?"

"Hakuna, mama mukubwa. Nilitunga."

"Ulimufikisha."

"Nilitaka afike."

"Mimi pia, mwanangu. Kila siku." Akajifunga kitambaa upya, polepole. "Lakini ukimufikisha mu kitabu, watu watafunga kitabu, watalala. Watasema basi, yamekwisha. Tena mimi najua sikufungua mulango. Usimufikishe. Usimuzike pia. Muntu akiwa mu njia, angali muzima."

Nilichukua kalamu nikakata kurasa za mwisho mbele yake, mlango, chumvi, kumbatio, vyote. Hadithi ikaishia mtu akiwa ameinama kukaza kamba za viatu vyake, mlima uko mbele, na hajachoka.

Aliponiona nimemaliza, akapiga mkeka kwa kiganja, mapigo manane:

"Njia bado ina muntu."

Nikauandika juu ya ukurasa wa kwanza, uwe jina. Akasogea karibu, akaegemeza bega lake kwenye langu, akaniambia nisome tena, nianzie pale msafiri anapoaga.