Santuri ya Baba

Mimi ndiye nilimwambia baba aitoe santuri yake ipelekwe redioni. Naanza na hilo ili nisije nikajificha baadaye.

Baba ni mkulima wa viazi huko Endarasha, lakini kabla sijazaliwa alikuwa mpiga gitaa. Yeye na wenzake wawili walirekodi wimbo mmoja tu, wa kumsifu mama yake. Na kwa sababu kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, jina linaloimbwa mle ndani ni langu pia. Baba huniita "maitu", yaani mama, na hunisalimia kwa adabu kana kwamba ni mimi nilimzaa. Nyumbani ilikuwa imebaki santuri moja, imefungwa kwa foronya, na hatukuwa na mashine ya kuichezea.

Redio yenyewe ilikuwa Nyeri mjini. Kila Jumapili baada ya chakula ilikuwa na saa mbili za nyimbo za zamani. Siku moja mtangazaji akaomba walio na santuri wazilete, zitatunzwa na kuchezwa. Mimi nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, nasuka watu nywele kwenye saluni huko Ruring'u, na moyoni nilishajiona mtangazaji. Nikambembeleza baba mwezi mzima.

"Hapa panya watakula," nikamwambia.

"Panya hawali wimbo, maitu."

"Na moshi je?"

Akacheka. Akanipatia kwa mikono miwili, nami nikaipeleka.

Jumapili iliyofuata ikachezwa. Majirani walijaa mlangoni, na mimi nikasikia jina langu likitoka hewani, nikataka kuruka. Tangu hapo baba akawa anavaa koti la kanisani kusikiliza redio, maana huwezi kujua ni lini watakucheza.

Mabadiliko hayakuja na kelele. Kwanza saa mbili zikawa moja. Nikamwambia baba ni kwa sababu ya mpira. Halafu kipindi kikahamishwa saa kumi na moja alfajiri. Nikasema ni afadhali, atasikiliza akikamua. Basi akawa anakamua ng'ombe akiwa amevaa koti. Baadaye nyimbo zikawekewa ngoma mpya chini yake, kisha zikawa zinachezwa nusu, mtu akiongea juu yake. Yule mtangazaji wa zamani alisema anaenda likizo, hakurudi. Aliyekuja alikuwa wa Sheng na vichekesho, na nakubali, pale saluni tulimpenda.

"Ati baba yako bado anangoja wimbo wake?" mteja mmoja akaniuliza. "Mwambie wazee wenye kuvuta ugoro walishalala."

Saluni nzima ikacheka, nami nikacheka pamoja nao. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mwishowe hata ile alfajiri ikawa ya nyimbo za klabu. Baba akauliza. Nikamwambia wanarekebisha mitambo, angoje wiki ijayo. Nilisema wiki ijayo mara nyingi mpaka akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoenda redioni.

Kijana wa mapokezi alinikaribisha vizuri.

"Santuri? Ziko studio, siz. Kuja uone, ziko poa sana."

Alikuwa anajivunia kwa kweli. Ukuta wote nyuma ya kiti cha mtangazaji ulikuwa umejaa santuri, zimepakwa rangi ya chungwa, ziwapendeze wale wanaotazama kipindi kwa simu. Ya baba niliitambua kwa karatasi ya katikati, rangi haikuwa imeifunika yote. Msumari ulioishikilia ukutani haukupitia lile tundu lake. Ulipita kando, kwenye wimbo wenyewe.

"Si mlisema mtazitunza?"

"Si tumetunza? Kila siku zinaonekana."

"Wimbo mliuweka kwa kompyuta?"

"Hiyo kompyuta ilienda na wenyewe wa zamani. Hii redio iliuzwa, hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimeisikiliza kila siku na sikujua. Akaing'oa kwa koleo, akaifunga kwa gazeti, akaniongezea stika mbili.

Nilimkuta baba akichagua viazi vya mbegu. Nikampa. Akafungua gazeti, akaweka kidole kwenye shimo, akakwangua rangi kidogo kwa ukucha, akaacha. Mimi nikaanza kuwatukana wale watu. Nikasema ni wezi, nikasema tutaenda kwa chifu, nikasema nitawaanika. Aliniacha nikamaliza.

"Hao siwajui," akasema. "Mimi nilikupatia wewe."

Hakusema kwa hasira. Aliirudishia gazeti lake, akaiweka juu ya gunia, akaendelea kuchagua. Baada ya muda akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.