Kiu ya Nguchiro wa Mama

Mama yangu haogopi nyoka wala mwizi, ila humwogopa daktari. Siku tuliyompeleka nguchiro wake kupimwa damu, alining'ang'ania mkono njia nzima.

Nguchiro huyo nilimwokota kijijini Idete wakati wa kuvuna mpunga, bado kichanga. Baba alipofariki, ndiye aliyebaki na mama nyumbani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, akila panya wa stoo na kulala kwenye kitenge chake. Mama alimwita bwana mkubwa. Sasa bwana mkubwa alikuwa amekonda miguu, tumbo limetuna. "Kashiba panya tu huyo," mama alisema. Uongo mtupu, na mwenyewe alijua.

Daktari wa mifugo, kijana mwenye adabu, akatoka na majibu. "Mama, protini ya damu iko kawaida. Nilihofia imeshuka. Ikishuka sana, maji huvuja kutoka kwenye mishipa yakajaa tumboni, na hapo mara nyingi ini au figo zimeharibika."

"Asante Bikira Maria!" Mama akapiga kigelegele mbele ya watu na mbuzi wao. Jamani, nilicheka mpaka machozi.

Daktari hakucheka. Alifinya ngozi ya shingo ya nguchiro, akaiachia, nayo ikachelewa kurudi. "Mama, huyu alikunywa maji lini?"

"Tangu jana sijampa hata tone," mama akajibu kwa fahari. "Si ndivyo tunavyoambiwa hospitali, ukienda kupima damu usile wala usinywe?"

Kijana akashusha pumzi. "Maji hatukukataza, mama. Mwili ukikauka damu inakuwa nzito, basi hata protini iliyopungua itaonekana inatosha. Mpeni maji, kesho nimpime tena."

Ile kawaida tuliyoishangilia huenda ilikuwa kiu tu.

Nyumbani joto lilikuwa kali, na nguchiro alikuwa akikwaruza bakuli tupu. Mama alisimama na jagi mkononi, hamimini.

"Mama, mpe maji."

"Akinywa, hiyo protini itashuka," akanong'ona. "Sasa hivi bado ni mzima."

Nilitamani kumwambia aache, asimimine. Mungu wangu, nilitamani kweli. "Atakufa kwa kiu, mama," nikasema.

Akamimina, maji mengine yakamwagika sakafuni. Bwana mkubwa akanywa kwa pupa, akanywa tena, na mama akajifunika uso kwa kitenge asimwone.