Bwana Aliyekiri Kwamba Amesusa

Juzi, katika ofisi moja ya mabasi mjini Kasulu, karani alimwambia bwana wa makamo kwamba basi la Kibondo limeshaondoka. Bwana yule akabwaga kifurushi chake sakafuni, akakunja mikono na kuugeukia ukuta. Sote tuliokuwa kwenye foleni tukamtazama.

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake akakiokota, akakipangusa vumbi.

"Baba, mtoto akifanya hivi tunasema amesusa. Wewe tuseme nini?"

Bwana akageuka, machozi yakimlengalenga. "Semeni nimesusa, mama. Kifurushi hicho kina dawa ya mama yangu aliye Kibondo."

"Kesho nakwenda Kibondo," akasema bibi. "Nitampelekea."

Hadi sasa namstaajabia bwana yule. Mimi nimesusa mara nyingi ukubwani, na kila mara nimewaambia watu kwamba nina msimamo.