Kipindi cha redio, neno "mahali" na mkono wa kaka yangu (Mwanza, miaka ya tisini)

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeona kwenye uzi mmoja watu wanatetea hivi vipindi vya kuanika ndoa za watu hewani. Eti ni burudani tu, eti mwenye akili zake hawezi kushika panga kwa sababu ya redio. Nimesoma mpaka kichwa kikaniuma. Sasa ngoja niseme nilichokiona mwenyewe, bila chumvi. Anayedhani natunga aende Pasiansi akaulize wazee.

Miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria ilipokolea, Mwanza ilifurika vitu. Mitumba, viwanda vya minofu ya sangara, halafu zikaja redio za watu binafsi. Sisi tuliokulia kwenye redio moja ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kumsikia mtangazaji anacheka hewani ilikuwa kama sikukuu.

Mimi nilikuwa nauza hizo redio zenyewe, za Kichina, pale Pasiansi. Baraza moja na kaka yangu Deus, fundi cherehani. Mitumba iliwamaliza mafundi wengi, yeye akabaki na sare za shule na kupunguza suruali za watu.

(Ndiyo, kwetu Bukoba. Utani wenu juu ya Wahaya nimeshausikia wote, leo uwekeni pembeni.)

Barazani kwetu alikuwepo Bhoke, mama wa watoto wawili, anauza mapanki ya kukaanga. Kwa wasiojua, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka kwenda Ulaya. Mwanzoni kila anapotandika anafukuzwa. Siku moja Deus akamwambia, "Shemeji, kaa hapa mbele ya mlango wangu, hakuna wa kukugusa."

Akakaa. Sare za shule zikaanza kunuka samaki, wazazi wakalalamika, Deus akacheka tu. Ndivyo alivyo.

Sasa Bhoke alikuwa Mkurya wa Tarime. Kwake L haikuwepo, zote zilikuwa R. Mumewe Masanja, Msukuma, kibarua wa ujenzi kule Buhongwa, yeye R zote aliziita L. Fikiria hiyo nyumba. Mmoja anasema "twende tukarare", mwenzake anajibu "subili nizime ledio". Na walielewana kuliko wengi wetu humu.

Kitu kimoja tu kilimchoma Masanja. Alikuwa hajapeleka hata ng'ombe mmoja Tarime. Na kwa mila za kule, ukiishi na binti yao bila kutoa mahari, huna mke na huna watoto. Akitokea mwanaume mwingine na ng'ombe zake, anachukua mama na watoto wote wanahesabika wake. Wenzake walimtania sana kwa hilo, naye alikuwa hacheki.

Turudi kwenye redio. Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi, jina silitaji. Mtu anawekwa studio, anachokonolewa mambo ya nyumbani kwake, kisha wasikilizaji wanapiga simu kumhukumu. Mji mzima ulikuwa unakisubiri.

Bhoke walimkuta sokoni. Wakamwambia njoo utoe shukrani kwa mtu aliyekushika mkono maishani, utapewa doti ya kanga. Maskini akadhani ni kipindi cha salamu. Akamchagua Deus.

Mimi na Deus tulikuwa tunasikiliza barazani. Mtangazaji, kijana wa Dar mwenye Kiswahili kilichonyooka, akamuuliza huyo fundi alimsaidiaje.

"Arinipa mahari," Bhoke akasema kwa furaha.

"Mahari? Wewe una mume, umepokea mahari ya fundi cherehani?"

"Ndiyo! Arinipa mahari pazuri, mbere ya mrango wake!"

Wakuu, simameni hapo. PAZURI. Tangu lini mahari ikawa pazuri? Mahari ni nzuri, mahali ndipo pazuri. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Mtu anayekula kwa lugha hakujua? Alijua! Nilimsikia anameza kicheko.

"Na mume wako anajua?"

"Anajua. Hata yeye arishukuru."

Hapo jamaa akapata chakula chake. Bhoke akashtuka, akaanza kujitetea: "Si mahari ya ng'ombe, ni mahari! Mahari pa kukaa!" Kila akirekebisha anazidi kuzama. Studio nzima wanacheka. Wakamzimia maikrofoni, wakafungua simu.

Mama mmoja wa Buswelu akasema wanawake wa siku hizi hawatosheki. Mwingine akasema huyo fundi afundishwe adabu. Na mtangazaji, baada ya kila simu, anarudia: "Bhoke wa Pasiansi, mahari kapewa na fundi. Mume, kama unatusikia, utakaa hivyo hivyo?"

Mpaka leo nikilikumbuka hilo swali nakasirika upya.

Deus alikuwa anacheka huku anapiga pasi. "Bhoke na herufi zake! Akirudi nitamfundisha." Nikamwambia kaka, funga leo, tuondoke. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Nikimbie kwa kosa lipi? Masanja ni mtu wangu."

Masanja aliingia grosari moja Buhongwa kutafuta chakula, redio ya pale iko kwenye kipindi kile kile. Bhoke alikuwa ameshazimwa. Alichokikuta ni lile swali, na watu wote waliogeuka kumtazama.

Alifika kwetu jua bado lipo, na panga la kazini. Deus akainuka kumpokea. "Karibu Masanja, shemeji hajarudi bado."

Masanja akanyanyua panga. Deus aliinua mkono wa kulia kujikinga. Mkono wa mkasi, wakuu. Vidole vyote vilikwenda, kikabaki gumba. Tulimkaba Masanja akiwa analia kuliko aliyekatwa.

Bhoke akatokea kwenye kona amekumbatia zawadi yake. Ile doti ya kanga, mpya, haijakatwa, ndiyo tuliyomfungia Deus mkono mpaka hospitali.

Mnadhani redio waliona aibu? Walikuja wodini na kinasa sauti, wanamtaka Deus aongee kwenye kipindi cha wiki ile, mada "Wivu". Nikawafukuza. Nikaenda studio kwa hasira zangu. Yule kijana akanijibu bila kupepesa macho, "Braza, mimi niliuliza swali tu. Wasikilizaji ndio waliojibu."

Alihamishiwa Dar baadaye, nasikia alipandishwa cheo. Masanja akafungwa. Bhoke akarudi Tarime na watoto.

Mahakamani Masanja alipoulizwa kama hakuzoea matamshi ya mke wake, alisema hivi: "Ningemsikia mwenyewe, ningeelewa. Nilimsikia yule wa ledio."

Kwa hiyo msiniambie habari za "mwenye akili zake". Aliyeshika panga alijibu kwa sheria, sawa, na alistahili. Aliyemchokoza hakuulizwa hata jina. Ukiwasha moto kwenye nyasi za jirani, usiseme ni upepo.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Mwanza mliokisikia kipindi kile mseme. Ila anayekuja kuniambia kilikuwa kitamu, apite kimya, nitamjibu vibaya.

Kaka yupo, anashona kwa mkono wa kushoto, polepole. Masanja alipotoka alikuja kuomba msamaha, akapewa kiti. Lakini neno mahali sijamsikia Deus akilitamka tena tangu siku ile. Mteja akimuuliza aweke wapi nguo zake, anamwambia, "Tafuta sehemu, uweke."