Hotipoti Iliyoishinda Gereji

Pale gerejini kwetu Spana hakupewa jina hilo kwa kubembelezwa. Nati iliyoshika kutu hadi ikawa kitu kimoja na chuma, yeye huishika, huinong'oneza matusi, nayo huachia. Mimi ni fundi wa rangi na watu wa injini siwapendi sana, maana wanajisikia, lakini hilo nalikubali. Ndiyo maana siku hotipoti ya mke wake ilipogoma kufunguka tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Kisha tukaacha kucheka.

Hotipoti hiyo haikuwa ya mchezo. Wiki iliyotangulia Spana aliropoka mbele ya shemeji yake kwamba chakula cha mgahawani kina ladha kuliko cha nyumbani. Mke akanuna, akaacha kumfungia chakula cha mchana, na nyumbani hata salamu ikawa ya kutafuta kwa tochi. Shemeji mtu akahangaika kuwasuluhisha, hatimaye jana yake mke akasema amesamehe. Asubuhi akamkabidhi hotipoti, mfuniko wake wa kuzungusha umekazwa sawasawa, akamwambia neno moja tu: "Ukinirudishia hicho chakula, na wewe usirudi."

Sasa ni mchana, Spana anazungusha, uso umemwiva, na mfuniko hauna habari.

Tuliibana kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vyuma, tukaizungushia taulo isichubuke, maana mikwaruzo nayo ingehitaji maelezo. Fundi wa umeme akashauri itobolewe, almanusura apigwe. Bosi akatoka ofisini kuja kufoka, akaishia kuvua koti na kung'ang'ana nayo. Mama mmoja, ambaye gari lake tulikuwa tumelifumua injini, akasema gari lingoje, kwanza ndoa ya mtu. Naye akakunja mikono ya gauni.

Jioni Spana akanyoosha mikono. "Basi angalau nijue ni chakula gani, nikakisifie."

Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye hotipoti na mpini sikioni, vilevile anavyosikiliza injini inayogonga. Tukamsogelea wote.

"Wali," akasema. "Mchuzi umekaa upande." Akaitikisa kidogo. "Na viazi. Viwili hivi, vinagonga."

Bosi akaomba naye asikilize. Akaafiki viazi.

"Kusifia si kula," akasema fundi wa umeme. "Mkeo akiipokea tu, uzito utamwambia."

Hapo ndipo bosi alipoamua twende wote tukatoe ushahidi. Tukaongozana na ovaroli zetu, yule mama mbele, kwa kuwa yeye angalau alikuwa msafi.

Mke alifungua mlango, akapokea hotipoti, akaipima mkononi. Machozi yakamlengalenga.

"Hujala."

"Mke wangu, imegoma kufunguka."

"Kwako wewe? Unayefungua malori?"

Tukanyoosha viganja, vyote vyekundu. Yule mama akanyoosha na vyake. "Mwanangu, ni kweli. Hata ukucha wangu umebaki kwenye huo mfuniko."

Mke akatutazama mmoja mmoja. Akaketi kwenye kigoda, akaibana hotipoti kwa magoti. "Nilifunga hivi," akasema. "Haya, zungusha."

Spana akazungusha. Mfuniko ukashusha pumzi, mvuke ukapanda. Wali, mchuzi, viazi viwili. Bosi akanigusa kwa kiwiko.

Spana akala palepale, amesimama, kijiko baada ya kijiko, kama anafukuzwa. Machozi yakaanza kumtoka. Mimi nilidhani ni toba, roho ikanilainika, nami si mtu wa kulainika.

"Vipi?" mke akauliza.

"Mgahawani hawajui kupika," akajibu, sauti imekauka, akachota tena.

Mke akamwangalia vizuri. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba, akatoka nje mbio kutema.

"Chumvi yote hii, na bado unakula?"

"Si umesema nisirudishe?"

Mke alitaka kucheka, kilio kikamwahi. Akamnyang'anya kijiko.

"Lete hapa. Jana mdomo ulikusamehe, mume wangu. Mikono ilikuwa bado."

Halafu akatugeukia sisi tuliojaa mlangoni, akauliza kama tuna njaa, akaenda kubandika sufuria nyingine.